Majani ya Ndama

Njaa ya ugenini, jamani, isikie kwa mwenzio. Nilipopangiwa kufundisha Getanuwas, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilitoka kwetu Bukoba na kasoro moja: nyama siwezi kuila tangu utoto, na maziwa yananitapisha. Nyumbani haikuwa shida, ndizi na maharage vipo. Huku nimetupwa katikati ya wafugaji! Duka la kijiji lilikuwa na unga, chumvi na viberiti, basi. Nikala ugali kwa chumvi mpaka magauni yakaanza kunining'inia, nikaamua kwamba muhula ukiisha naomba uhamisho.

Jirani yangu alikuwa mama mzee wa Kibarbaig, aliyehamia kijijini na ng'ombe wake shingo upande. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniletea kibuyu cha maziwa. Nikakataa. Akaleta nyama, nikakataa. Akaleta ugali uliomwagiwa samli, nao nikaukataa, na hapo nina njaa ya kumla mtu. Nilimweleza kwamba mimi ningeshukuru hata mboga za majani. Alinitazama kwa huruma. Majani, alisema, wanakula ndama.

Siku chache baadaye aliingia kwangu na wanawake wenzake. Wakaketi chini. Nikauliza kuna nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mtu anakataa nyama, anakataa maziwa, huyo ana msiba. Nani amekufa?"

Nilitaka kucheka. Nikafungua mdomo niwaeleze kwamba mimi ndivyo nilivyoumbwa, hakuna aliyekufa. Lakini aliyekufa alikuwepo. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka ule. Habari ilinifikia ameshazikwa, na mimi, mwalimu mzima, nikaingia darasani kesho yake nikafundisha hesabu. Kijijini hakuna aliyejua.

"Mama," nilisema. Nikalia mbele yao kama mtoto, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kulipokucha sikumwona jirani yangu. Alirudi jioni akitoka Masakta kwa wakulima, alikopeleka maziwa yake akabadilishana nao kwa maharage na majani ya maboga. Majani aliyapika mwenyewe, hovyo kabisa, na nyuzi zake zote, maana tangu azaliwe hakuwahi kuyashika ila kuwapa ndama. Samli hakutia. Ila aliuliza, akauliza tena, kama kweli sitaki hata tone.

Nilinawa nikaanza kula. Naye akanawa. Nikamwambia, usijisumbue, mama, najua chakula hiki hukipendi.

"Mwenye msiba hali peke yake," alisema.

Akamega tonge la ugali, akachota majani, akatafuna. Uso ulimkunjamana, ungedhani kapewa dawa ya minyoo. Akameza, akachota tena. Nilimpenda sana yule mama jioni ile, na habari ya uhamisho ikanitoka kichwani, wala sikuitafuta tena.

Tulikula mpaka sufuria ikabaki tupu. Alipomaliza kujifuta mikono aliniomba nimweleze mama yangu alikuwa mtu wa namna gani.