Siku Niliyomwita Mama wa Masika

Aibu hii nimeificha hata kwa mume wangu (yeye anajua tu kwamba nilirudi nyumbani bila kitenge, na hakuuliza, maana miaka ile ya vita watu walirudi nyumbani bila vitu vingi), lakini leo acha niseme, nanyi mcheke mkiweza.

Nilikuwa Butembo, kwenye mafunzo ya wanawake wa kupokea watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia mapigano. Mkufunzi wetu, Mama Jeanne, alirudia mpaka tukachoka: jina la mtoto usilitangaze mbele ya watu, keti naye pembeni, muulize mama yake hupika nini, huimba nini, kisha umtafute mama huyo kimya kimya. Mimi niliitikia ndiyo, ndiyo, nikijiona nimeshakuwa fundi.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikakabidhiwa binti mdogo aliyetoka upande wa Mbau, asiyejua lolote ila jina lake, Masika. Tukaenda kwenye uwanja wa shule, ambako waliokimbia vita walikuwa wamepanga mstari wakisubiri maharagwe. Nikaona akina mama walivyojaa, nikawaza, ya nini kunong'ona kutwa nzima? Nikampandisha mtoto mabegani, nikapaza sauti: "Mama ya Masika iko wapi?"

Jamani! Mimi Mnande wa kuzaliwa, najua kabisa kwamba kwetu binti wa kwanza huitwa Masika na kila nyumba ina wake! Mstari ukavunjika, wakanijia mbio, huyu "Ni wangu!", yule "Ulete, ni wangu!", mikono ikimvuta mtoto huku na kule, naye akilia masikioni mwangu, kitenge changu kikakanyagwa kikabaki chini, nami nimesimama mbele ya uwanja mzima na sketi ya ndani yenye kiraka. Askari wa langoni wakadhani ni fujo, mmoja akapiga risasi hewani. Watu wakatawanyika, nikaangushwa, na nilipoinuka mtoto hakuwepo.

Sijawahi kuogopa vile. Nilizunguka uwanja na sketi ile ile, nikichungulia kila mgongo uliobeba mtoto, nikiwaza wamemkanyaga, nikiwaza askari wamemchukua, nikitaka kumwita na kuogopa kumwita. Mama Jeanne akanishika mkono.

"Mutoto iko wapi?"

Nikamwonyesha mabega yangu matupu, tukaanza kutafuta pamoja.

Tulimkuta nyuma ya vyoo vya shule, amefungwa mgongoni mwa mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza kwa Kinande, polepole, kana kwamba hakuna bunduki iliyolia. Nikashusha pumzi.

"Mungu asifiwe, mama, umemupata mutoto wako."

Akatikisa kichwa bila kunitazama, akasema kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya na Kifaransa:

"Huyu hapana wangu. Wangu nilimuzika mu njia. Mais weye uliita mama ya Masika, donc nikakuja. Uniachie naye kidogo tu, alale."

Nililia pale pale. Mama Jeanne hakunigombeza, aliketi kwenye majani, nami nikaketi, tukasubiri mpaka mtoto akalala.

Mama mzazi alipatikana baadaye, na aliyempata ni Mama Jeanne, kwa kuuliza pembeni vile alivyotufundisha. Mimi niliapa siku hiyo: sitapaza tena jina la mtoto penye akina mama, maana hata yule aliyemzika wake ataitika.