Mlango wa Kushoto

Bongwe ya miaka ile ilikuwa na dereva mmoja tu aliyefunzwa na jeshi, na dereva huyo alikwenda kwa miguu. Alikwenda kwa miguu Ukunda, alikwenda kwa miguu Tiwi, na mwaka mmoja alikwenda kwa miguu mpaka Msambweni akiwa na jino bovu na shavu limemvimba, ilhali lori la nazi lilisimama njiani na mwenyewe akamsihi apande bure. Hakupanda. Waziri Chande alikuwa ameendesha malori ya vita kule Bama, yaani Burma, na tangu arudi hakushika usukani wala hakuketi karibu nao. Aligeuka fundi wa vitanda. Wanawake wa kisimani hawakumwacha hata siku moja.

"Waziri, gari lako limekwama wapi?"

"Limeishiwa mafuta, dada."

Wakicheka, naye hucheka nao. Kilikuwa kicheko cha kuazima, lakini nani ana wakati wa kupima kicheko cha fundi wa vitanda?

Mtu mmoja hakumtania. Huyo alikuwa Mwanapili, mama yake Suleiman. Waziri alifiwa na mama mapema, na Mwanapili ndiye aliyemlisha, yeye na Suleiman, mwanawe wa pekee, katika sinia moja. Vijana hao wawili walipokwenda Kwale kujiandikisha jeshi, mwaka wa arobaini na mbili, Mwanapili aliwasindikiza hadi njia panda. Akaushika mkono wa Suleiman akautia katika mkono wa Waziri. Akasema, "Suleiman, huyu ni mkubwa wako. Atakalokwambia, fanya."

Aliyerudi ni mmoja. Wa pili alirudi katika barua, na karani wa chifu akaisoma kwa sauti uani: Suleiman hajulikani alipo. Wazee walivua kofia wakaanza kupanga hitima, Mwanapili akawakatiza papo hapo. Kutojulikana alipo si kufa, alisema, na yeye hamsomei hitima mtoto aliye hai. Siku hiyo akautoa mkeka wake chumbani, akautandika nyuma ya mlango wa mbele, na hapo ndipo alipolala miaka yote iliyofuata, ili Suleiman akibisha hodi asibishe mara mbili.

Alimwuliza Waziri mara moja tu. Waziri akajibu, "Tulipotezana, mama." Basi. Maneno hayo mawili aliyaishi miaka kumi. Kila Idi Mwanapili alipakua pilau katika sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, sahani ya Suleiman, akaifunika kawa na kuiweka pembeni. Wageni wakishaondoka humwita Waziri, humfunulia, humwambia, "Kula wewe, badala ya ndugu yako, isije ikalala." Na Waziri alikula. Kila tonge alilimeza, kwa kuwa hakuwa na mama mwingine duniani na alijua kwamba siku atakayosema kweli hatakuwa naye tena.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo mpaka mmoja wao afe, lau si baharia wa Tiwi. Baharia huyu alipotea miaka kumi na mitatu. Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tano akatokea kwao mchana kweupe, na mwavuli na meno mawili ya dhahabu, akimwulizia mkewe. Habari ilifika Bongwe kabla jua halijatua. Mwanapili, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsaliti, aliinuka akafunga kibwebwe. Akakipiga lipu upya chumba cha Suleiman. Akaukata mfenesi wake wa uani, mti aliokuwa akila na kuuza matunda yake, akaupasulisha mbao, na mbao zikaletwa kwa Waziri.

"Nifanyie kitanda, mwanangu. Kipana, cha mtu mzima. Suleiman atakuwa ameshanenepa. Nakitaka kabla ya Idi."

"Inshallah, mama," alisema Waziri. Angesema nini?

Ramadhani ikaingia pamoja na masika. Waziri akachonga tendegu moja, mguu mzuri wa kitanda wenye vikuku vitatu, na mkono ukagoma. Alijua huyo anayetandikiwa yuko wapi. Kumtengenezea kitanda ilikuwa ni kumwongopea yule mwanamke kwa msumeno na randa, na uongo wa mdomo ulikuwa umeshamchosha. Alijaribu kwenda kumwambia. Alifika mpaka penye kisiki cha mfenesi, akageuka. Siku ya pili aligeukia kisimani. Siku ya tatu hakutoka kabisa, akaokota mabaki ya mbao yaliyoanguka chini ya benchi lake, mbao za manjano za mfenesi, akaanza kuchonga lori.

Alilichonga kwa kipimo. Kila hatua moja ya lori la kweli ilikuwa upana wa vidole vitatu, na lori zima likatoka dhiraa moja. Alilijua lori lile kuliko alivyoijua nyumba yake. Boneti aliikata katika debe la mafuta ya taa. Magurudumu yalikuwa vipande vya tawi la mwarobaini, akavivisha mpira wa baiskeli. Turubai ilitoka katika shati lake la kaki la vita, na aliposhona alishona kwa ile mishono mirefu mibaya ya jeshi. Chini yake akaweka ubao, na juu ya ubao akajenga njia yenyewe: udongo mwekundu wa Bongwe uliokandwa na majivu, mlima upande mmoja, mto upande mwingine, na juu ya mto daraja la magogo, akilijenga kwa chelewa za ufagio moja baada ya moja. Mto aliufanya kwa vigae vya chupa ya kijani. Watu hakuwatia. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amewafundisha tangu utotoni kwamba sanamu za viumbe hazikai katika nyumba ya Mwislamu, na Waziri alikuwa na makosa ya kumtosha.

Majirani walifurahi. "Wazungu wa Diani watakununua wewe na benchi lako," walimwambia. Wanawake wa kisimani walisema dereva amepata gari linalomfaa. Yeye aliendelea kuchonga. Kitu kimoja kilikuwa kinamtesa, nacho ni mlango wa kushoto. Wa kulia, wa upande wa dereva, ulikubali siku ileile. Wa kushoto aliufanya mara tano. Aliutia bawaba za ngozi, akautia komeo la bati, ukafunguka na kufungika vizuri, na kila ulipofunguka vizuri alishikwa na hasira akaung'oa. Siku ya ishirini na saba ya mfungo akaacha kujidanganya. Akachukua waya, akaufunga mlango ule kwenye nguzo ya kiti kwa mizunguko mitatu, akakaza kwa koleo. Sasa lilikuwa lori lake. Akaketi chini katika vumbi la mbao, saa ya alasiri, akalia kwa kwikwi mbele ya kuku.

Kesho yake alilifunika kwa gunia akalichukua kwa Mwanapili. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho kitanda hicho? Mbona kidogo?"

"Si kitanda, mama. Nimekuletea kitu ukione, maana kusema nimeshindwa."

Akalifunua juu ya mkeka. Mwanapili alilitazama kwanza kwa furaha, kama atazamavyo mtu kazi nzuri ya mwanawe. Akaigusa turubai. Akalizungusha gurudumu. Kisha akaliona daraja, na magogo mawili ya katikati yaliyokatika, na vigae vya kijani chini yake, na uso wake ukatulia.

"Hapa ni wapi?"

"Bama, mama."

"Watu wako wapi?"

"Sikutia watu. Mimi niliketi hapa." Akaonyesha upande wa kulia.

Mwanapili hakuuliza nani aliketi upande wa pili. Akapeleka kidole kwenye mlango wa kulia, ukafunguka. Akaufunga. Akapeleka kidole kwenye mlango wa kushoto, akavuta. Akavuta tena, kwa kucha.

"Mbona huu haufunguki?"

Waziri akamwambia. Komeo lilikuwa limevunjika, na mlango ulikuwa unapigapiga njia nzima, basi asubuhi ile aliufunga kwa waya kwa mkono wake mwenyewe. Mvua ya Bama haikuwa na mapumziko. Walikuwa wamebaki nyuma ya wenzao. Walipofika darajani Suleiman alisema, ngoja nishuke niyatazame magogo haya. Kuufungua waya ule kulitaka dakika mbili tatu, na Waziri alikuwa amechoka, na aliogopa kufokewa na ofisa. Magogo yakakatika. Yeye alitokea dirishani kwake. Mto ulikuwa mwekundu kwa tope la mafuriko, na lori halikuonekana tena. Alipozinduka hospitalini aliulizwa alikuwa na nani garini, akasema hakumbuki, na akaendelea kutokumbuka mpaka vita vikaisha.

"Aliposema ashuke, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, kaa."

"Akakaa?"

"Akakaa, mama."

Mvua iliingia kwa kizingiti ikaulowesha ukingo wa mkeka, ule mkeka wa nyuma ya mlango, na hakuna aliyeuvuta.

"Nilimwambia mimi akusikilize," alisema mwishowe. "Pale njia panda. Nilimwambia mimi." Na ndipo alipolia, kilio ambacho Bongwe nzima ilikuwa imekingoja tangu siku ya barua, na majirani waliokuwa wakishona na wakipika wakaacha shughuli zao wakaja mbio na nguo za kujifunika kichwa. Waziri alinyoosha mkono amshike. Mwanapili akautazama mkono ule, naye Waziri akaurudisha.

Kabla hajaondoka, Waziri aliombwa koleo lake. Mwanapili aliukata waya mwenyewe, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, akaufungua mlango wa kushoto akauacha wazi.

"Kitanda kile kimalize," alisema. "Nitalala mimi."

Waziri alikimaliza kwa siku tatu. Mwanapili akakiweka katika chumba cha lipu mpya, akaukunja mkeka, na nyumba yake ikaanza kufungwa komeo usiku, kama nyumba za watu.

Hitima ilisomwa Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Watu walijaa mpaka uani, kwenye kisiki cha mfenesi. Waziri alisoma juzuu yake pamoja na wenziwe, akaitikia dua. Pilau ilipopakuliwa akabaki nyuma kwa mazoea, akingoja kuitwa. Aliiona sahani ya ukingo wa buluu. Ilikuwa imeoshwa, imeegemezwa ukutani juu ya kabati, tupu. Mtoto wa jirani akamletea chakula kwa sahani nyeupe ya kuazima, mojawapo ya zile arobaini zilizoletwa kwa ajili ya wageni.

Alikula yote. Akanawa, akaenda mlangoni alipoketi Mwanapili katika eda ya moyo wake, akainama.

"Ahsante, mama. Chakula kilikuwa kizuri."

Mwanapili alimjibu kwa upole, kwa adabu kamili, wala hapakuwa na chuki sautini mwake.

"Karibu tena, Waziri," alisema, kama aambiwavyo mgeni.