Mwalo wa Mama Mkwe

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu. Nilisimama ufukoni mwa ziwa nimeyapa maji mgongo, na sikuthubutu kugeuka. Kaa nikueleze taratibu, maana siku hizi hata kusema kunanichosha.

Ni miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka vilimani, tukapangwa kando ya barabara huku huku Tarime. Mama mkwe wangu tulihama naye, kwa kuwa alikuwa mjane na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Yeye alikuwa Mjaluo, mzaliwa wa ziwani, akaolewa kwetu Wakurya akiwa binti mdogo. Hakuomba makubwa. Alitaka aingize miguu yake kwenye maji ya kwao kabla hajafa. Alilisema hilo kila jioni, mpaka mke wangu akawa hapati usingizi.

Nikamwomba mwenyekiti wa kijiji mkokoteni na maksai wawili. Alinung'unika, shamba la kijiji lilikuwa linasubiri kulimwa, lakini akatoa. Akasema nisirudie tena kumwomba. Nikawauliza wachuuzi wa samaki mwalo upi ni mzuri, yaani pale mitumbwi inapofikia. Wote wakanitajia mmoja. Mkokoteni unafika mpaka juu, walisema, halafu ni hapo chini tu.

Sasa heshima ya ukwe ya kwetu labda ninyi hamuijui tena. Mwanaume hamgusi mama wa mke wake. Hamtazami usoni, na mama naye hasemi na mkwe. Maneno yote yanapitia kwa binti, hata mkiwa mmekaribiana. Ndivyo tulivyosafiri. "Mwambie mumeo apunguze mwendo." "Mwambie mumeo jua ni kali." Nasikia kila neno, lakini nangoja niambiwe tena na mke wangu.

Tulipofika, hiyo "hapo chini tu" ilikuwa majabali matupu. Mimi kumbeba haiwezekani, na mke wangu alikuwa mjamzito. Vijana wawili wavuvi wakajitolea, watu wazuri tu, wakamnyanyua kabla mtu hajamuuliza. Katikati ya mawe mmoja akateleza. Hawakumwangusha, lakini nguo yake ilifunguka, mapaja yakabaki nje, na mimi mkwewe nimesimama pale pale. Ndipo nilipogeuka nikatazama vichaka. Nilimsikia analia.

"Nani aliwaambia nataka kubebwa?" alisema walipomrudisha mkokotenini. "Mwanangu, mwambie mumeo anirudishe nyumbani. Nitakufa na miguu yangu mikavu."

Iliniuma, nisikufiche. Nilikuwa hoi, na nilijua hakuna mara ya pili. Nikawafungua maksai wanywe maji kwanza ndipo tuondoke. Wakayatazama yale majabali, wakakataa. Wakashika njia yao kando ya ziwa, mimi nawafuata nyuma nikiwatukana, mpaka tukatokea mahali ambapo ng'ombe wa kijiji jirani hunywea maji. Hakukuwa na mchanga wa kusifiwa. Kulikuwa na samadi na nzi. Lakini ardhi iliteremka polepole mpaka majini, imekanyagwa na kwato miaka na miaka ikawa ngumu kama sakafu. Hata ndama wa juzi na ng'ombe wakongwe walikuwa wanaingia bila taabu.

Nikarudi nao, nikawafunga, nikaongoza mkokoteni mpaka pale na kuingia nao ziwani, maji yakafika katikati ya magurudumu. Mke wangu akafungua ubao wa nyuma. Mama mkwe akajivuta kwa mikono yake mwenyewe, akateremsha miguu. Hakuna aliyemgusa. Maji yalikuwa yametibuka, lakini aliyachota akanawa uso, akaanza kuongea Kijaluo na watu wake waliokwisha kufa. Maksai wakamaliza kunywa, wakataka kugeuza.

"Mwambie mumeo awashike," alisema. "Bado sijamaliza."

Nikawashika mpaka mabega yakaniuma.

Leo magoti mabovu ni yangu mimi. Wajukuu wananipenda, wananipakia kwenye gari kama gunia la mahindi, na mimi nacheka nao kwa sababu nimechoka kubishana. Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Ukitaka kumpeleka mahali mtu asiyeweza kutembea, usiulize kwanza kama ni pazuri, wala usiwaulize wenye miguu kama ni karibu. Nenda ukaone atapitaje yeye. Kama njia huioni, itafute, hata ikiwa inanuka samadi. Na kabla hujaweka mikono yako chini ya makwapa yake, muulize. Mungu akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, na siku miguu hiyo itakapokuishia, akupe watu watakaokuuliza.