Ng'ombe Aliyevishwa Gambuti

Githae aliokoka akiwa na miaka tisa, na hilo ndilo lililomharibia maisha ya kanisani.

Hakuwahi kulewa. Hakuwahi kuvuta. Alimwoa Mumbi mbele ya madhabahu na kumrudia kila jioni kabla chapati hazijapoa. Katika duka la vifaa vya ujenzi la Balwant, hapa Ruiru, alikuwa mweka stoo, na funguo zilikaa kiunoni mwake. Balwant ni Singasinga ambaye hauamini hata mzani wake mwenyewe, lakini Githae alimwamini. Misumari ikipungua, panya ndio walioshukiwa kwanza.

Mtu wa namna hiyo angefaa kanisa lolote isipokuwa letu. Askofu Wanyoike huhubiri vizuri sana kwamba pale msalabani Yesu alibeba dhambi zetu zote, kubwa na ndogo, na kwamba hatuokolewi kwa matendo bali kwa imani. Akishamaliza, hushika maikrofoni na kuwapanga watoa ushuhuda kwa matendo yao, wabaya zaidi wakitangulia. Kuna mama aliyewahi kusafiri hadi Mombasa akiwa amekalia gunia la bangi. Kuna mzee aliyeweka mke mmoja Thika na mwingine Kahawa, wote wakidhani anafanya kazi ya zamu. Hao wakisimama, tunaacha hata kujipepea.

Githae aliposimama mara ya kwanza, alisema, "Bwana asifiwe. Niliokoka nikiwa shule ya Jumapili, na sijarudi nyuma."

"Amina," akasema Askofu. "Kaa chini, ndugu. Nani mwingine?"

Alikaa. Nyuma yake mtu akacheka kidogo, kicheko cha puani, na nadhani ni kicheko hicho kilichomzaa ng'ombe.

Kisa chenyewe alikisikia kwa kinyozi: eti zamani upande wa Theta mwizi mmoja alimwiba ng'ombe wa maziwa usiku wa mvua, akamvisha gambuti, vile viatu virefu vya mpira, miguu yote minne ili nyayo zisijulikane. Jumapili iliyofuata Githae alisimama na kusema mwizi huyo alikuwa yeye.

Kanisa lilitetemeka. Kina mama walilia. Kijana mmoja alirekodi kwa simu. Askofu alishuka kutoka jukwaani, akamkumbatia, akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Mwizi mmoja aliokolewa Kalvari! Wa pili akakataa! Wa tatu ndiye huyu!"

Nyumbani Mumbi alisubiri mpaka chai ikamiminwa.

"Baba Njeri, ng'ombe gani?"

"Ni ushuhuda tu."

"Wewe? Jogoo wa jirani akikutazama vibaya unapitia nyuma ya nyumba."

"Watu wanne wameokoka leo, Mumbi."

"Kwa damu ya Yesu, ama kwa gambuti?"

Githae akasema chai ni tamu.

Ile video ilitembea kuliko Githae mwenyewe. Ilipofika kwa Balwant, aliitazama hadi mwisho, akaitazama tena, kisha akamwita Githae.

"Huyu ni wewe?"

"Bosi, huyo ni mtu wa kale. Damu ya Yesu imemwosha."

"Imemwosha, vizuri sana. Funguo lete."

Tangu siku hiyo Githae akawa mbeba simiti. Angeweza kusema ukweli palepale, lakini bango la mkutano wa Pasaka lilikuwa limeshachapishwa: MWIZI WA TATU, ANA KWA ANA, IJUMAA KUU, WITEITHIE. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Askofu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mtu hukubali kubeba simiti nyingi kwa ajili ya uso kama huo.

Ijumaa Kuu uwanja ulijaa. Jukwaani walikuwa wamesimamisha misalaba mitatu ya milingoti ya mikaratusi, na Githae akaambiwa asimame chini ya ule wa kulia, kwenye kivuli, ili aonekane vizuri kwenye kamera. Alisimulia. Ng'ombe alikuwa amenona tangu Jumapili ile. Sasa alikuwa na mimba. Spika zilipeleka sauti ng'ambo ya barabara.

Askofu alipowaita wanaotaka kuokoka, wa kwanza kupanda alikuwa mwanamke mzee mwenye leso ya kichwani na viatu vyenye udongo wa shamba.

"Karibu, shosho! Umekuja kumpokea Bwana?"

"Nilimpokea zamani. Naitwa Gathoni, wa Theta. Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe wangu."

Kelele zilizopigwa hapo hazijawahi kupigwa Witeithie. Askofu alitazama mbinguni kama mtu aliyetumiwa mzigo bila kuuagiza. "Upatanisho!" akalia. "Aliyeibiwa na aliyeiba, mbele ya msalaba mmoja!" Akampa Gathoni maikrofoni. Hilo ndilo kosa alilojuta.

"Kijana," Gathoni akamwambia Githae, ambaye ana mvi, "alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi na mweupe."

"Theta nzima ni weusi na weupe. Gambuti ulianza kumvisha mguu upi?"

"Wa... wa nyuma."

"Wa nyuma!" Gathoni akageukia watu. "Ng'ombe huyo alimvunja mume wangu mfupa wa paja kwa kumshika tu mkia. Mkamuaji alikuwa ni mimi peke yangu, na ilibidi nimwimbie kwanza. Na huyu alimwinamia usiku, kwenye mvua, akamvisha viatu. Aliketi kwenye kiti, ama alisimama kama bibi harusi?"

Uwanja ulicheka. Hata kwaya ilicheka. Askofu hakucheka, alimsogelea Githae akamnong'oneza, lakini maikrofoni yake ya kifuani ilikuwa wazi, tukasikia sote: "Sema ndiyo. Kanisa litamnunulia mwingine."

Basi yote yalikuwa hapo. Ndiyo moja, na Gathoni angepata ng'ombe, Askofu angepata umati, na Githae angebaki kwenye bango maisha yake yote. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kuwa mwizi.

Githae aliutazama ule msalaba wa mlingoti juu yake. Labda alikuwa amehubiriwa habari zake mara nyingi mno kiasi cha kuacha kuuona. Akavuta maikrofoni ya Gathoni.

"Sijawahi kuiba ng'ombe," akasema. "Sijawahi kuiba kitu. Nilidanganya. Nilidanganya nikiwa nimeokoka, kanisani, na mlipiga makofi nikaongeza."

Ajabu ni kwamba mwizi tulikuwa tumemsamehe mara moja, kwa vigelegele. Huyu hatukujua tumfanyeje. Mtu akapiga kelele, "Shusha huyo!" Askofu akatangaza kwamba shetani anamshambulia shahidi, akafanya ishara, maikrofoni ikazimwa, kwaya ikaanza kuimba kuhusu damu inayoosha dhambi zote.

Sisi wa mbele tulimsikia Gathoni hata bila spika.

"Sasa umekuja na dhambi yako mwenyewe," alimwambia. "Yesu hakusulubiwa kwa ajili ya ng'ombe ambaye hukumwiba. Huo uongo ndio alioufia. Mpe, unyamaze." Akashuka akishikilia mlingoti, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata bango lilikuwa na msichana aliyewahi kuolewa na jini la maporomoko ya Chania. Hakuna aliyemuuliza swali lolote.

Githae alikwenda kwa Balwant kumweleza. Balwant alisikiliza huku akipima kamba.

"Kwanza ulisema wewe mwizi. Sasa unasema hapana, wewe mwongo. Mwongo akiniambia yeye si mwizi, mimi nishike nini?"

Githae hakuwa na shahidi, na ng'ombe hakuwepo. Akarudi kwenye simiti. Mumbi anasema alikuwa analala vizuri.

Mvua za Mei zilipoanza, Gathoni aliingia dukani kutafuta mabati ya zizi. Vijana watatu wa kaunta walimkimbilia, kila mmoja akimwita shosho mtamu kuliko mwenzake. Aliwapita.

"Niitieni yule mwongo, anipimie yeye."

"Shosho," akasema Balwant, "huyo si wa stoo. Anabeba simiti."

"Namtaka huyohuyo. Dhambi yake naijua, aliitaja mbele ya watu. Hawa hawajataja zao."

Balwant akawatazama vijana wake wa kaunta, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatazama chini. Kisha akapeleka mkono kiunoni, akaanza kuzifungua funguo za stoo.