Kasha Jeusi la Bwana Mluzi

Kama kuna mtu aliyewahi kuteswa na sanduku, basi ni Naftaly Kahiga, seremala wa shamba moja kule Dundori, juu ya Nakuru. Si kwamba sanduku lenyewe lilikuwa baya. Lilikuwa zuri kupita kiasi, na taabu yote ilianzia hapo.

Mwenye sanduku ndiye aliyekuwa mwenye shamba, mzungu mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mluzi kwa sababu alipiga mluzi tangu anapoamka mpaka anapolala. Alilirithi kutoka kwa babu yake, aliyekuwa seremala huko kwao Uingereza. Kwa nje ungelipita bila kugeuza shingo: kasha kubwa lililopakwa rangi nyeusi, limechubuka pembeni, vishikio vyake ni kamba nene. Lakini lifunuliwe sasa! Ndani mlikuwa na droo za mbao nyekundu zilizopangwa kwa ngazi, na kila moja iliteleza kwa kusukumwa na kidole kimoja. Ukiifunga moja, ya jirani yake ilijitokeza kidogo yenyewe, kwa kuwa hewa ya ndani haikuwa na pengine pa kutokea. Kwenye pembe, mbao ziliungana kwa meno yaliyofumana, membamba kiasi kwamba Kahiga, aliyekata meno ya namna hiyo tangu ujana wake misheni, hakuelewa ni msumeno gani uliopita pale.

Na kwenye kifuniko, upande wa ndani, kulikuwa na nyota. Ilitengenezwa kwa vipande vya mbao nyeusi na nyeupe, vyembamba kama ganda la kitunguu, vikagandishwa kwa gundi hata ukipitisha ukucha husikii panapoungana. Hilo ndilo lililomwingia Kahiga rohoni. Fundi mzima alihangaika hivyo kwa kitu ambacho wapita njia hawatakiona, kisha akapaka nje rangi nyeusi na kunyamaza zake.

Sasa njoo kwenye kero. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, walowezi wakihofia kuvamiwa usiku, na Bwana Mluzi usingizi ulikuwa umempaa. Aliamua kwamba kila chombo chenye makali pale shambani kifungiwe jioni. Patasi, misumeno, hata randa, vyote viliingia kashani, na ufunguo ukawa unaning'inia shingoni mwake. Kila asubuhi Kahiga, mtu mzima mwenye watoto, alisimama mlangoni mwa stoo akingoja kugawiwa patasi kama mtoto anayengoja uji.

"Leo wewe nataka nini, Kahiga?"

"Patasi ya nusu inchi, Bwana. Na ile randa fupi."

"Hapana kuja karibu. Mimi natoa."

Kifuniko kiliinuliwa nusu, mkono wa Bwana ukaingia na kutoka, kifuniko kikafungwa. Pu! Kahiga aliiona nyota juu ya bega la yule mzungu kwa muda wa kupiga chafya, basi. Siku moja alijikaza akaomba aiangalie vizuri. Bwana Mluzi akacheka, wala si kwa ubaya, akamwambia sanduku si sinema, kazi inangoja. Kahiga alirudi kwenye karakana amefura, akapiga misumari ya zizi siku nzima kana kwamba kila msumari ulikuwa umemtukana.

Alijaribu kujitengenezea lake kwa mbao za mtarakwa alizookota kwenye masalio ya kazi. Kiangazi droo ziliteleza vizuri, na kwa siku chache hakuna aliyepumzika kwa majigambo yake. Ukungu wa Dundori uliposhuka, mbao zikavimba, na ili kufungua droo moja ilimbidi akae chini na kukanyagia miguu yote miwili. Mkewe, Rahab, aliweka vitunguu humo.

"Hilo sanduku la Bwana lina nini hasa?" Rahab alimuuliza jioni moja, akimenya viazi.

"Mama Wariara, wewe huwezi kuelewa."

"Basi nieleweshe."

Kahiga alijaribu. Alishika hewa kwa mikono miwili, akafungua kifuniko kisichokuwepo, akasema kuna nyota, nyota namna hii, unaona, halafu maneno yakamwishia.

"Nyota hata juu ziko," Rahab akasema, akaendelea na viazi vyake. Kahiga alitoka nje akaenda kuzungumza na mbuzi.

Ilipokaribia mwisho wa miaka hiyo, Bwana Mluzi aliuza shamba ili ahamie Australia. Alikuwa amemwahidi Kahiga kasha mara nyingi, na mara nyingi akasahau kwamba ameahidi. Safari hii hakusahau, ila kwanza aliwauzia mafundi wa mjini patasi zote, misumeno yote, na hata ile randa fupi ambayo mpini wake ulikuwa umelika kwa kiganja cha Kahiga mwenyewe. Kilichobaki ni kasha tupu.

"Wewe nachukua hiyo, Kahiga. Nzito sana kwa meli."

Kimutai, dereva wa trekta, alilifikisha hadi mlangoni, na majirani wakatoka kutazama. "Kumbe miaka yote ulikuwa unalilia sanduku tupu la mzungu?" mmoja akauliza, na wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jioni ile Kahiga alilifunua kwa mwanga wa koroboi, lakini mafuta yalikuwa mwisho na moshi ulikuwa mwingi kuliko mwanga. Aliiona nyota kidogo tu, akapitisha kidole juu yake mara moja. Kesho, alijiambia, nikitoka kazini jua lingali juu, nitakaa nayo mpaka nishibe.

Kesho yake Bwana Mluzi alimweka kazini tangu alfajiri, apigilie makreti ya vyombo vya memsab, mke wa Bwana. Kahiga alitazama jua likipanda, akalitazama likianza kuteremka, na kila akidhani amemaliza, memsab alitokea na birika jingine.

Nyumbani, Rahab naye alikuwa kazini. Alikuwa mwanachama wa chama cha akina mama, ambako mwanamke alipimwa kwa meza yake: ikiwa nyeupe kwa kusuguliwa, ni mke safi, ikiwa na madoa, utasikia habari zako kisimani. Alikitazama kitu kile ambacho mumewe alikipenda kuliko chakula. Kilikuwa na utando wa buibui, mavi ya panya, na harufu ya mafuta yaliyochacha. Alimhurumia mumewe. Akachemsha sufuria kubwa ya maji, akatia magadi, akachukua mchanga na burashi, akakunja mikono.

Kahiga aliliona tangu langoni. Kasha lilikuwa uani, kifuniko wazi, likianikwa juani. Ubao wa ndani ya kifuniko ulikuwa mweupe, safi, mtupu.

"Baba Wariara, kaa kwanza," Rahab akasema kwa furaha, akamtia kikombe cha chai mkononi. "Umeona kazi?"

"Nyota iko wapi?"

"Ile? Kumbe ilikuwa imebandikwa tu! Nilipomwaga maji ikaanza kujikunja yenyewe. Nikashangaa, hawa watu wanafunika ubao mzuri hivi kwa maganda."

Gundi ya kizamani hupikwa kwa ngozi na kwato, na maji ya moto huirudisha kuwa mchuzi. Kahiga alilijua hilo tangu misheni. Hakuwahi kumwambia mkewe, kwani ni nani huongea na mkewe habari za gundi?

"Na hayo maganda yako wapi?"

Rahab aliangalia jikoni, na furaha ikaanza kumtoka usoni. "Yalikauka upesi. Na kuni za leo ni mbichi, unajua vile zinasumbua. Yalishika moto vizuri sana."

Kahiga alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake, na chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Aliyoyasema baada ya hapo hayafai kuandikwa. Alisema mpaka sauti ikakauka, na kuku wakahama uani. Rahab alisimama akakunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kila siku unaniambia ni kitu kizuri," akasema alipopata nafasi. "Nilitaka kiwe kizuri. Nilikuuliza kina nini, ukaniambia siwezi kuelewa. Sasa ningejuaje?"

Kahiga aliweka kikombe chini, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akapiga magoti mbele ya kifuniko. Ataichora sasa hivi, kabla haijamtoka kichwani, kisha ataikata upya kipande kwa kipande. Alichora ncha moja. Akachora ya pili. Kisha mkono ukasimama. Zilikuwa sita au nane? Nyeusi ilikuwa kushoto au kulia? Akafuta kwa mate, akachora, akafuta tena, na jasho likamtoka. Miaka yote ile aliipenda nyota ile, na hakuwahi kuzihesabu ncha zake.

"Si hivyo," Rahab akasema polepole nyuma yake. "Zilikuwa nane. Nne ndefu, nne fupi katikati yake. Kila ncha nusu nyeusi, nusu nyeupe, na nyeusi iko upande huu. Nilisugua kila moja kwa kidole, maana uchafu ulikuwa umeingia pembeni."

Kahiga akamnyooshea penseli, hasira ikiwa bado haijamwisha.

"Chora basi," akasema, na hakulisema kwa upole.

Rahab akafuta mikono kwenye aproni, akapiga magoti ubavuni mwake, akaipokea penseli. Mstari wake wa kwanza ulikwenda upande. Kahiga alifungua mdomo, akaufunga, akamshikia rula.