Difu Iliyoninyang'anya Jumapili

Kwa miaka mitano ya ndoa nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli: tope la njia ya ukweni. Wakwe zangu wanakaa juu, kwenye mteremko wa Mlima Meru, mwisho wa njia inayopanda katikati ya migomba. Sisi tunakaa chini mjini, Sokon I, ambako kuna kochi. Mvua ikinyesha, gari letu linakwama kwenye mwinuko wa mwisho. Kwa hiyo msimu mzima wa mvua nilikuwa nabaki nyumbani kila Jumapili, kwa masikitiko makubwa, miguu juu ya stuli.

Masika ya mwaka huu yalipoanza, mke wangu hakubishana. Alilipeleka gari gereji, Kaloleni, na mimi akanibeba kama spea.

Fundi alipiga jeki, matairi ya nyuma yakaning'inia. Akazungusha moja kwenda mbele. Lingine likazunguka kurudi nyuma. Hiyo, alisema, ndiyo difu ya kawaida, gia inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Inaacha matairi yapishane mwendo kwenye kona, jambo jema, lakini moja likiingia kwenye utelezi, nguvu yote inaishia hapo. Linazunguka bure, linarusha tope, na mwenzake lililokanyaga pakavu limekaa tu, linatazama. Mke wangu akanigeukia, akaniangalia kwa muda. Sikuona sababu.

Dawa ilikuwa difu iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa kuuza vipuri, aina moja na letu, ikiwa bado na kibandiko cha LSD, yaani difu ya kuzuia utelezi. Ndani ina visahani vya chuma vinavyosuguana. Tairi moja likitaka kukimbia peke yake, vinalibana, na nguvu inafika kwa mwenzake. Fundi alitusisitizia jambo moja: kwenye utelezi usiachie mafuta, maana visahani vinabana ukiwa unakanyaga. Ukiachia, vinalegea. Mimi niliyepata F ya fizikia nilielewa papo hapo, nikaliweka akiba. Mke wangu alikuwa anachezea simu.

Jumapili tukapanda. Ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa. Tulipofika kwenye mwinuko nikaanza kusema kwamba njia imeharibika sana, nawahurumia watoto. Watoto walikuwa wanashangilia. Tairi la kushoto likateleza, gari likatikisika, halafu, jamani, likaendelea kupanda. Niliona Jumapili zangu zote zikiyeyuka. Hapo nikafanya kazi ya kitaalamu: nikanyanyua mguu taratibu. Gari likapoteza nguvu, likaanza kuzama.

"Baba watoto," mke wangu akasema bila kugeuka, "kanyaga."

"Si nakanyaga."

"Unakanyaga kapeti. Visahani vinabana ukikanyaga mafuta. Nilikuwa namrekodi fundi."

Nikakanyaga. Tukafika juu bila kusukumwa na mtu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nikampa shikamoo yake, akaitikia vizuri tu, kisha akatazama viatu vyangu, safi kama vya bwana harusi.

"Kumbe inapitika," akasema.

Chai ikaletwa. Ndipo akatangaza kwamba kuanzia sasa tutakula kwake kila Jumapili baada ya ibada, mvua inyeshe isinyeshe, na Jumapili ijayo tupitilize hadi kwa dada yake, juu zaidi. Mke wangu akacheka, ameegemea bega la mama yake, kicheko ambacho sijawahi kukisikia Sokon I. Nikajua kesi imekwisha.

Tulipoaga, baba mkwe alinisindikiza hadi kwenye gari. Ni mzee wa maneno machache. Jumapili yeye anapenda redio yake na kiti chake nyuma ya nyumba. Aliinama, akachungulia uvunguni, akaniuliza nimelifanyia nini. Nikamweleza kuhusu visahani, akanisikiliza kwa makini kuliko watu wengi wanavyonisikiliza. Halafu akageuka kuhakikisha mama mkwe yuko mbali.

"Na kitu kama hicho," akauliza polepole, "huwa kinachoka baada ya muda gani?"

Nikamwambia ni miaka mingi, mzee.

Akashusha pumzi, akanifungia mlango.