Joka la Masere katika Siku za Uporaji

Mwaka ule wa uporaji, baba alitupeleka mimi na yaya yangu, yaani dada mkubwa, binti wa shangazi, tukakae kwa masista wa parokia yetu ya Kampemba. Askari walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu, na sasa walikuwa wakivunja maduka ya mjini, vijana wakiwafuata nyuma na mikokoteni. Shule zilifungwa. Baba alikuwa mchimbaji wa mgodi wa Kipushi, naye pia mshahara alikuwa ameusahau. Aliuamini ukuta wa masista kuliko mlango wetu wa bati.

Tulikuwa wasichana watano pale, wote katika umri wa kubishana. Kwanza tulisali. Kisha tukaanza kugombania ndoo na kitanda cha dirishani, mpaka sista aliyetufundisha kushona akachoka nasi. Alikuwa Mjapani, mfupi, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni. Sisi tulimwita Masere tu, yaani “sista” kwa Kifaransa cha mtaani. Siku hiyo alitoka chumbani kwake na kitabu kidogo cha kuingia mfukoni, ambacho mpwa wake alikuwa amemtumia kutoka Japani pamoja na nyuzi.

“Batoto, leo tutacheza,” alisema. “Mimi nitakuwa dunia. Nyinyi mutakuwa bantu.”

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: yeye anaeleza kilicho mbele yetu, sisi tunasema tunafanya nini, na dadu mbili zinaamua kama tumeweza. Dadu tulizitoa kwenye ludo. Masere alisema kwao pia wanatumia dadu za kawaida, kwa sababu zile za pembe nyingi za Waamerika, walioanzisha mchezo huo, zilikuwa taabu kupatikana. Nusu ya kitabu ilikuwa maneno ya vijana wa kwao waliokuwa wakicheza, yameandikwa kama tamthilia, vicheko na mabishano ndani. Alitusomea kipande, akigeuza Kijapani kuwa Kifaransa na Kifaransa kuwa Kiswahili, nasi tukaelewa kwamba kubishana kuliruhusiwa. Hapo tukakaa sawasawa.

Ikaja kazi ya kuchagua watu wa kuigiza.

“Iko huyu wa masikio marefu, anaishi pori,” alisema Masere.

“Sungura,” alisema yaya.

“Hapana. Muzuri sana, tena anaishi miaka mingi. Na iko huyu: mufupi, ndevu mingi, anachimba chini ya udongo, anapenda pombe ya bière.”

“Masere,” nikamwambia, “huyo ni baba yangu.”

Tulicheka mpaka sista mkuu akachungulia. Masere mwenyewe alishika meza. Alipopata pumzi alitueleza kwamba watu hao hawakutoka Japani. Wajapani waliwapata kwa Wazungu, wakawavalisha upya. Hata joka. La Wazungu lililalia dhahabu na kutema moto, na la bibi yake lilikaa mtoni na kuleta mvua. Tukamwambia la kwetu ni nyoka mkubwa anayelinda shaba ndani ya mgodi. Akafikiri kidogo, akafunga kitabu.

“Basi tutapigana na huyo,” alisema.

Tulimfuata nyoka huyo siku kadhaa, na risasi zikisikika mjini. Mchana mmoja tulimkuta. Wenzetu wawili walikuwa wameshaanguka mchezoni. Yaya, ambaye alikuwa amekubali masikio marefu, aliomba sala fupi, akarusha dadu. Sita na sita.

Sijawahi kupiga kelele vile. Tulipanda juu ya viti, sista mkuu akaja mbio na ufagio, na jirani aliposikia wasichana wanalia kwa masista, akachukua sufuria na mwiko akaanza kugonga. Ndivyo watu walivyoitana siku hizo wezi walipokuja. Nyumba ya pili ikagonga, ya tatu ikagonga, mara mtaa wote ukawa unalia chuma.

Dakika chache baadaye kwenye geti alisimama mfanyabiashara wa unga wa mahindi kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye lori na depo, yaani ghala, nyuma ya ukuta wetu. Alikuwa anahema.

“Masere, bezi balikuwa kwangu,” alisema. “Balishaanza kuvunja kufuli. Balisikia masufuria, bakakimbia. Ni nani alianza kulia?”

Masere hakujua kudanganya. “Ni sisi. Tuliua nyoka.”

“Nyoka? Iko wapi?” Akainua mguu mmoja.

Ilibidi tumwonyeshe meza, dadu, na yaya aliyekuwa bado juu ya kiti. Alisikiliza hadithi yote kwa uso wa mtu anayesomewa hukumu. Halafu akavuta kiti.

“Na mimi minaweza kuingia?”

Alicheza vizuri kwa namna yake. Hakutaka upanga. Kila Masere alipotaja mji mpya, yeye aliuliza kwanza kama barabara inapitika na kule wanakula nini.

Mji ulipotulia, masista walimhamisha Masere, na kitabu kikaondoka naye. Hakuna aliyekililia sana, kwa kuwa hatukuwa na wa kukisoma. Yaya akawa dunia. Dunia yake ilikuwa na wachawi wengi kuliko ya Masere, na harusi kila wiki. Siku moja mfanyabiashara alitupeleka Kasungami kuchukua mahindi, sisi nyuma ya lori tukicheza juu ya magunia matupu. Katikati ya safari lori likasimama ghafla. Tulidhani ni tairi. Akashuka, akazunguka nyuma, akaweka mikono kiunoni.

“Sasa ni zamu ya nani?” aliuliza. “Kule mbele mimi sisikii kitu.”